Spika ambaye mfalme hakumpanga

Wadau, akichaguliwa Spika popote, watu huuliza kwanza ni mtu wa nani. Mimi huwa namfikiria William Lenthall wa Uingereza.

Mwaka 1640 Mfalme Charles I alikuwa na mtu wake wa kukalia kiti, Thomas Gardiner, ila jamaa akaukosa hata ubunge wenyewe. Ndo Novemba 3 akachaguliwa Lenthall, mwanasheria asiye na makeke.

Januari 4, 1642 mfalme akaenda bungeni na askari kukamata wabunge watano. Akamuuliza Spika wako wapi. Lenthall akapiga magoti, akajibu kwamba pale yeye haoni wala hasemi mpaka Bunge limwamuru. Mfalme akatoka mikono mitupu. Mwaka huohuo vita ikaanza.

Lakini jamani, hakuwa malaika. 1660 ufalme uliporudi, alitoa ushahidi mahakamani juu ya maneno aliyoyasema bungeni mbunge Thomas Scot. Scot akauawa. Lenthall akafa 1662, akiwa ameomba kaburi lake liandikwe tu kwamba yeye ni mnyoo.

Kwangu mimi, siyo nani kamweka Spika. Ni atajibu nini siku wakubwa wakija na askari, na kama atashikilia jibu hilohilo miaka 18 baadaye. Mnasemaje?