Archie Moore: nguchiro mzee aliyepata ubingwa akiwa na miaka 39

Wengi wetu huku ughaibuni tumeshavuka miaka 40. Mchana tuko kazini, usiku pengine zamu nyingine, na siku moja unaingia gym, unavaa glovu, unapiga begi dakika mbili na pumzi imekwisha. Ngumi iliyokuwa ikitoka kama risasi sasa inatoka kama barua ya posta. Swali linalofuata tunalijua sote: je, kasi na nguvu vinaweza kurudi, au ndio basi tena?

Leo tumeona tumkumbuke mtu aliyelijibu swali hilo ulingoni, mbele ya dunia nzima. Naye ni Archie Moore, bondia Mmarekani mweusi aliyefariki dunia mwaka 1998.

Hata umri wake ulikuwa na utata. Yeye mwenyewe alikuwa akidai kazaliwa mwaka 1916, lakini mama yake alisema ni Desemba 13, 1913, katika mji mdogo wa Benoit, Mississippi. Jina la kuzaliwa ni Archibald Lee Wright. Wazazi walipoachana alilelewa na mjomba na shangazi huko St. Louis, akachukua jina lao la Moore. Ujana wake haukuwa mzuri. Alikamatwa kwa wizi akapelekwa shule ya watoto watukutu, na huko ndiko alikoamua kuwa ngumi ndizo zitakazomtoa kwenye umaskini.

Alianza ngumi za kulipwa katikati ya miaka ya 1930. Mwaka 1940 alikwenda Australia akapigana mara saba na kushinda zote. Lakini mwaka uliofuata aliugua vibaya. Kidonda cha tumbo kilipasuka, akafanyiwa upasuaji, akakonda sana, na wengi waliona kuwa huyu ndondi kwake zimekwisha. Mwaka 1942 akarudi ulingoni na kuanza tena kuwaangusha watu.

Hapo ndipo ilipoanza dhuluma ya muda mrefu. Moore alikuwa akipigana katika uzito wa kilo 79, daraja lililo chini ya uzito wa juu, na kwa miaka mingi alihesabiwa miongoni mwa mabondia hatari kabisa wa daraja hilo. Hata hivyo mabingwa walimkwepa. Bondia mweusi mwenye ngumi nzito na asiyevuta watu wengi mlangoni alikuwa hasara tupu kwa mameneja wao. Miaka ikapita, umri ukasogea, naye akaendelea kupigana na yeyote aliyekubali, wakiwemo wale wa uzito wa juu. Ezzard Charles alimpiga mara tatu kati ya mwaka 1946 na 1948. Hakukata tamaa.

Nafasi ilikuja Desemba 17, 1952, dhidi ya Joey Maxim, tena kwa masharti magumu. Maxim alihakikishiwa dola 100,000. Moore aliambulia dola 800 tu. Akakubali. Walipigana raundi 15 huko St. Louis, Moore akashinda kwa pointi. Kwa hesabu ya mama yake, alikuwa ametimiza miaka 39 siku nne kabla. Umri ambao mabondia wengi wameshatundika glovu, yeye ndio kwanza alikuwa anafunga mkanda wa ubingwa, na alikaa nao karibu miaka kumi.

Sasa tuje kwenye siri yake. Watu walimpa jina la Nguchiro Mzee, na sisi tuliokulia nyumbani tunamjua nguchiro. Hamshindi nyoka kwa nguvu. Anasubiri nyoka arushe kichwa, anakwepa, kisha anauma. Moore alifanya vivyo hivyo. Alikunja mikono yote miwili mbele ya uso na kifua kama komeo la mlango, akainamisha kichwa, akamwacha kijana atupe ngumi mpaka achoke. Ngumi yake ilitoka pale tu mwenzake alipokuwa wazi. Hakukimbia huku na huko ulingoni, na alijifunza kupumua taratibu katikati ya vurugu.

Wataalamu wa mwili wa leo wanatuonyesha kwa nini njia hiyo ilimfaa. Misuli yetu ina nyuzi za haraka na nyuzi za polepole. Umri unaposogea, za haraka ndizo zinazopungua zaidi. Ndiyo maana kasi hutangulia kuondoka na stamina hubaki nyuma. Sehemu ya kasi hiyo hurudi kwa mazoezi mafupi na makali, yaani kunyanyua vyuma, kurusha mpira mzito, kupiga begi kwa nguvu zote kwa sekunde chache kisha kupumzika vya kutosha. Kukimbia kilomita nyingi peke yake hakurudishi ngumi. Tena nguvu ya ngumi haianzii mkononi. Inaanzia mguuni, inapita kiunoni, ndipo inafika begani, na mzee mwenye miguu imara na mahesabu mazuri ya wakati anaweza kumwangusha kijana mwenye mikono myepesi.

Mwaka 1955, akiwa na miaka 41, Moore alipanda uzito wa juu kumkabili Rocky Marciano. Raundi ya pili alimwangusha chini bingwa huyo ambaye hakuwahi kupoteza pambano. Marciano aliinuka, akamtoa Moore kwa KO raundi ya tisa. Mwaka uliofuata Floyd Patterson, kijana wa miaka 21, alimmaliza raundi ya tano.

Pambano lililomjengea heshima zaidi lilikuwa Montreal, Desemba 10, 1958, dhidi ya mvuvi wa Canada, Yvon Durelle. Raundi ya kwanza tu Moore aliangushwa mara tatu. Raundi ya tano akaanguka tena. Zilikuwa zimebaki siku tatu atimize miaka 45. Kila mtu aliona mwisho umefika, lakini mzee aliinuka kila mara, akarudi kwenye komeo lake, akapumua, akamsubiri mwenzake achoke. Raundi ya 11 Durelle ndiye aliyehesabiwa mpaka kumi.

Novemba 1962 alipigana na kijana wa miaka 20 aliyewahi kufika kambini kwake kujifunza na kuondoka, kwa vile hakupenda kufagia wala kuosha vyombo. Kijana huyo aliitwa Cassius Clay, baadaye Muhammad Ali. Clay alitabiri raundi ya nne, na raundi ya nne ikawa. Moore alistaafu mwaka 1963 akiwa na ushindi wa KO zaidi ya 130.

Ndugu zetu wa Kongo wanalo lao la kukumbuka. Oktoba 30, 1974, Kinshasa, Moore alikuwa kona ya George Foreman. Ali alijiegemeza kwenye kamba, akajifunika, akamwacha Foreman atupe ngumi mpaka akaishiwa, kisha akamwangusha raundi ya nane. Ujanja wa kumchosha kijana ndio uliomshinda Foreman, huku Nguchiro Mzee akitazama. Foreman naye hakulisahau somo. Mwaka 1994, akiwa na miaka 45, alirudi kuwa bingwa wa uzito wa juu.

Moore alitumia miaka yake ya baadaye kuwafundisha vijana wa mitaa maskini. Alifariki San Diego Desemba 9, 1998, siku nne kabla ya kutimiza miaka 85.

Wasomaji wetu, tusidanganyane. Si kila mtu ni Archie Moore. Ubongo wa mtu mzima hauvumilii makonde kama wa kijana, na Ali mwenyewe tulimwona alivyoishia. Kwa hiyo mwone daktari kwanza, piga begi kuliko kupigana, na lala vya kutosha baada ya zamu. Ujana wenyewe haurudi, ila sehemu ya nguvu hurudi kwa mwenye subira. Mzee Moore aliisubiri zamu yake mpaka miaka 39, na ilipofika ilimkuta yuko tayari.