Bertha Benz: Mama aliyetibu injini kwa pini ya kofia

Hebu fikiria uko Thika Road asubuhi, umeazima gari la mjomba. Ghafla linaanza kutetemeka kama mgonjwa wa malaria. Unakanyaga mafuta, halivuti. Taa ya injini inawaka na kuzima kwenye dashibodi. Ukifika gereji, fundi atakwambia inamisi, yaani kuna silinda isiyochoma mafuta inavyopaswa. Halafu inaanza ile kubahatisha: plagi mpya, bado, koili mpya, bado, pesa nazo zimeisha.

Kabla hujafika huko, nikujulishe kwa mama mmoja aliyepatwa na balaa kama hilo mwaka wa 1888, wakati hakukuwa na gereji ya magari popote. Anaitwa Bertha Benz.

Bertha alizaliwa Mei 3, 1849 mjini Pforzheim, kusini magharibi mwa Ujerumani. Babake alikuwa seremala aliyetajirika kwa kazi ya ujenzi. Enzi hizo, binti hata awe na akili ya moto vipi, mlango wa chuo cha uhandisi ulikuwa umefungwa.

Akakutana na Carl Benz, mhandisi kijana mwenye ndoto kubwa na mfuko mtupu. Kwao, wazazi wa msichana ndio waliotoa mali ya kumwanzishia maisha ya ndoa, kinyume na mahari yetu. Bertha aliomba sehemu yake mapema, hata kabla ya harusi, akaiweka kwenye karakana ya Carl ili mshirika aliyekuwa akimkwamisha alipwe aende zake. Wakaoana Julai 1872. Hapo sasa sheria ikamgeuka: mke aliyeolewa hakuwa na usemi katika biashara. Gari lao lilipoombewa hataza Januari 29, 1886, jina lililoandikwa lilikuwa la Carl peke yake.

Gari lenyewe lilikuwa na magurudumu matatu na silinda moja. Lilitembea, lakini wanunuzi hawakuja. Carl alikuwa mtu wa kurekebisha hiki na kile, si wa kujipigia debe. Bertha aling'amua kwamba watu hawatatoa pesa zao kwa kitu ambacho hawajakiona kikifika safari.

Alfajiri moja mwezi Agosti 1888, mumewe akiwa bado usingizini, Bertha alilitoa gari pamoja na wanawe wawili, Eugen wa miaka 15 na Richard wa miaka 13. Walitoka Mannheim kwenda kwa nyanya yao kule Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Hadi siku hiyo, gari lilikuwa likijaribiwa kwa mizunguko mifupi tu.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Injini ya silinda nne ikimisi moja, tatu zilizobaki zinaweza kukokota gari. Ya Bertha ilikuwa moja tu. Ikigoma, mmekwama, na hakuna fundi wa kupigia simu.

Injini ya petroli inadai vitu vitatu: mafuta yaliyochanganyika na hewa kwa kiasi, cheche kwa wakati wake, na mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda. Kikikosekana kimoja, hakuna moto.

Njiani, kama inavyosimuliwa, bomba la mafuta liliziba. Bertha akachomoa pini ndefu ya kofia yake, akalizibua. Baadaye waya wa cheche ukachubuka, umeme ukawa unavuja kabla ya kufika kwenye plagi. Akavua mkanda wa kushikilia soksi, akauzungushia waya huo. Injini ikanguruma tena.

Unaona? Hakubahatisha. Alitafuta ni kipi hakifiki kwenye silinda, na kinakwamia wapi, kisha akatengeneza hapo hapo.

Mafuta yalipopungua, alinunua kimiminika cha kusafishia nguo katika duka la dawa mjini Wiesloch, maana ndicho kilichokuwa petroli ya gari hilo. Mhunzi akamrekebishia mnyororo. Breki za mbao zilipolika, fundi viatu akazipigilia ngozi. Milimani vijana walishuka wakasukuma. Jioni wakafika, na Carl akapelekewa simu ya maandishi. Baadaye aliongeza gia ya kupandia milima. Kufikia mwaka wa 1900, kampuni yao ilikuwa kubwa kuliko zote duniani katika kutengeneza magari.

Turudi kwa gari la mjomba. Mwambie fundi asome kodi kwa mashine. P0302, kwa mfano, maana yake silinda ya pili inamisi. Lakini kodi inakuonyesha mahali, haikwambii sababu. Kama kila silinda ina koili yake, zimeni injini, hamisheni koili ya pili iende ya tatu, futeni kodi, kisha mjaribu tena. Ikija P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, fanyeni vivyo hivyo na plagi, kisha mwangalie injekta, na mwisho mpime mgandamizo. Usiguse koili injini ikiwa inanguruma. Umeme wake si wa kuchezea. Na taa hiyo ikiwaka na kuzima mfululizo, usiendelee na safari. Mafuta yasiyoungua yanaingia kwenye ekzosi na kuharibu katalitiki, na bei ya hiyo itakutoa machozi.

Carl alifariki mwaka wa 1929. Mei 3, 1944, siku Bertha alipotimiza miaka 95, chuo kikuu cha ufundi cha Karlsruhe, alikosomea mumewe, kilimtunuku cheo cha seneta wa heshima. Binti aliyenyimwa nafasi ya kusomea uhandisi alipokea heshima hiyo akiwa ajuza. Siku mbili baadaye akafariki nyumbani kwake Ladenburg.

Kwa hivyo msichana, ukiambiwa gereji si mahali pako, wakumbushe ni nani aliyeendesha gari safari ndefu ya kwanza, na ni nani aliyelitengeneza njiani.