Robert Moog: Fundi wa sintesaiza aliyepoteza haki ya jina lake

Tarehe 21 Agosti mwaka 2005, mhandisi wa Kimarekani Robert Moog aliaga dunia katika mji wa Asheville, jimbo la North Carolina, akiwa na umri wa miaka 71. Alikuwa amegunduliwa kuwa na uvimbe kwenye ubongo miezi michache tu kabla ya hapo.

Aliacha nyuma chombo cha muziki ambacho wakusanyaji wa vinanda vya zamani wanakitafuta kwa udi na uvumba: sintesaiza ya Moog, kinanda kisicho na nyuzi wala mabomba, ambacho sauti yake yote inatokana na umeme.

Wengi wameisikia sauti hiyo bila ya kumjua aliyeiunda. Na ni wachache zaidi wanaojua kwamba kwa zaidi ya miaka 20 fundi huyu hakuweza kuuza kinanda chenye jina la ukoo wake.

Jina lenyewe limekuwa likikosewa tangu zamani. Wazungumzaji wengi wa Kiingereza hulitamka Muug. Familia yake ilitumia o ndefu, kama msomaji wa Kiswahili anavyolisoma bila ya kufundishwa.

Mtoto wa karakana

Robert Moog alizaliwa tarehe 23 Mei mwaka 1934 mjini New York. Baba yake alikuwa mhandisi katika kampuni ya umeme ya mji huo na alikuwa na karakana nyumbani. Mama yake alitaka awe mpiga piano, lakini kijana alivutiwa zaidi na karakana ya baba.

Akiwa na umri wa miaka 14 aliunda theremini, kifaa kilichobuniwa na Mrusi Lev Termen. Chombo hicho hupigwa bila ya kuguswa. Mpigaji husogeza mikono yake hewani karibu na antena mbili, mkono mmoja ukipandisha na kushusha sauti na mwingine ukiongeza na kupunguza nguvu yake.

Mwaka 1954, akiwa bado mwanafunzi, Moog alianza pamoja na baba yake biashara ndogo ya kuuza theremini. Miaka ya mwanzo ya 1960 aliuza vifurushi vya vipuri kwa bei ya karibu dola 50, na mnunuzi akajiundia mwenyewe nyumbani. Biashara hiyo ilimsaidia akiendelea na masomo hadi alipopata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1965.

Kuzaliwa kwa sintesaiza

Mwishoni mwa mwaka 1963, katika mkutano wa walimu wa muziki mjini Rochester, alikutana na mtunzi Herbert Deutsch. Wakati huo aliyetaka kutunga muziki wa umeme alilazimika kurekodi sauti moja moja kwenye tepu, kuzikata kwa wembe na kuziunganisha. Kazi ya dakika chache iliweza kuchukua wiki nyingi.

Katika kiangazi cha mwaka 1964 wawili hao walifanya kazi pamoja katika mji mdogo wa Trumansburg, na mwezi Oktoba mwaka huo Moog alionyesha matokeo yake mjini New York.

Wazo lake lilikuwa rahisi kulieleza. Sanduku moja huzalisha sauti, jingine huichuja na jingine huipa nguvu. Kila sanduku linaamrishwa na volti zinazopita kwenye nyaya ambazo mpigaji anazichomeka mwenyewe. Volti moja ikiongezeka, sauti hupanda oktava moja. Ukibadili nyaya, umepata chombo kingine kabisa.

Moog hakuwa peke yake. Huko California, Don Buchla alikuwa akiunda mtambo wa aina hiyo wakati huohuo, lakini bila ya vibao vya piano. Moog alikubali kuweka vibao, na uamuzi huo ndio uliomfikisha kwa wanamuziki wa kawaida.

Mwaka 1968 Wendy Carlos alitoa sahani ya santuri ya muziki wa Bach uliopigwa wote kwa mitambo ya Moog. Iliuzwa zaidi ya nakala milioni moja na kupata tuzo tatu za Grammy.

Mwaka 1970 ikaja Minimoog, kinanda kimoja kinachobebeka na kisichohitaji nyaya za kuchomeka. Sampuli ya kwanza iliundwa na mhandisi wa kampuni hiyo, Bill Hemsath. Gurudumu dogo lililoko kushoto mwa vinanda vingi vya umeme, ambalo mpigaji hulisukuma ili kuipinda sauti, lilipata umaarufu kutokana na Minimoog. Mpenzi wa taarab ya kisasa anaijua vizuri sauti hiyo inayopindwa.

Sifa bila ya fedha

Pamoja na sifa zote hizo, kampuni ilikuwa imezama katika madeni. Moog alikuwa fundi hodari lakini si mfanyabiashara. Mwaka 1971 kampuni ilichukuliwa na mwekezaji aliyeihamishia karibu na mji wa Buffalo, na mwaka 1973 ikauzwa tena kwa kampuni ya Norlin. Mwanzilishi akawa mwajiriwa katika kampuni yenye jina lake.

Aliondoka mwaka 1977 na kuhamia milima ya North Carolina. Yeye aliondoka, jina likabaki. Karakana yake mpya akaiita Big Briar, na humo akarudia kazi ya ujana wake, kuunda theremini.

Mwaka 1983 kampuni ya Yamaha ilitoa kinanda cha dijitali cha DX7, na mitambo ya zamani ikaonekana imepitwa na wakati. Mingi iliuzwa kwa bei ya kutupa. Kampuni yenye jina la Moog nayo ilianguka katika muongo huo.

Wakusanyaji wakaiokoa

Mitambo hiyo ilinusurika kwa sababu ya watu walioipenda. Walitafuta Minimoog na makabati ya nyaya kwenye maduka ya vitu vilivyotumika, wakayasafisha na kubadili vipuri vilivyochakaa. Ni vyombo vyenye usumbufu. Huhitaji muda wa kupata joto kabla ya kupigwa, na sauti huhama chumba kikibadilika joto. Wapenzi wake wanasema huo ndio uhai wake.

Soko likarudi, na mwaka 2002, baada ya mvutano wa kisheria, Moog alipata tena haki ya kulitumia jina lake nchini Marekani. Akiwa na umri wa miaka 68 alitoa kinanda kipya, Minimoog Voyager. Alilifaidi jina lake kwa miaka mitatu tu.

Mwaka 2015 kampuni aliyoiacha ilitangaza kuunda upya mtambo mkubwa wa zamani, System 55. Ilitengenezwa 55 tu, kila mmoja kwa dola 35,000. Mwaka 2019 taasisi iliyoanzishwa kwa kumbukumbu yake ilifungua jumba la makumbusho mjini Asheville.

Mwaka 2023 kampuni hiyo iliuzwa kwa kampuni nyingine ya Marekani, inMusic. Kwa mara nyingine tena, jina la Moog liko mikononi mwa wengine.