Ungemchagua Elijah Masinde raundi ya ngapi?

Kila Agosti, kabla Ligi ya Uingereza haijaanza, sisi wanane hukutana kwa kibanda kimoja huku Amalemba kugawana wachezaji. Tunaita drafti, na si ile ya vizibo vya soda. Unachagua mchezaji mmoja, zamu inaenda hadi kwa mtu wa mwisho halafu inarudi kinyumenyume kama nyoka. Mchezaji akishachukuliwa ameenda, hata ulie.

Mwaka huu mvua ya Kakamega ilifanya ile kitu yake ya saa kumi. Stima ikapotea, simu zikaanza kuzima moja moja, na hakuna aliyetaka kutoka kwa matope. Ndiyo mmoja wetu akasema tufanye drafti ya watu wa Magharibi pekee, waliostaafu au waliokufa, bila kugusa simu. Kwa sababu hakuna tovuti ya kutoa pointi, tukamwomba mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa anakunywa chai pale kona atupe alama kulingana na jinsi kila mtu atatetea chaguo lake. Mzee akakubali, mradi tumlipie chapo madondo.

Kadenge alienda namba moja. Hiyo hata haina mjadala, aliyepata zamu ya kwanza alitaja jina kabla hajakaa vizuri. Wakafuata Jonathan Niva, J.J. Masiga, Wilberforce Mulamba, wale ambao baba zetu wakiwataja sauti hubadilika, hasa wakikumbuka Leopards ikibeba kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati miaka mitatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984. Zamu yangu ya raundi ya tatu ikafika. Nikasema Elijah Masinde.

Wasee walicheka. Mmoja akauliza tangu lini chuo kikuu kinacheza mpira.

Wacha nimalizane na hiyo kwanza, maana najua hata wewe umeifikiria. Chuo pale njia ya kwenda Webuye kimepewa jina la Masinde Muliro, mwanasiasa, yule aliyefariki Agosti 1992 akitoka tu kushuka ndege Nairobi. Elijah Masinde ni mtu mwingine kabisa. Wote ni Wabukusu, wote walisumbua serikali, lakini mmoja alikuwa mbunge mwenye suti na mwingine alikuwa nabii. Na huyo nabii, kabla ya kuwa nabii, alikuwa mchezaji wa timu ya Kenya.

Masinde wa Nameme alizaliwa karibu mwaka wa 1910 huko Maeni, upande wa Kimilili, chini ya Mlima Elgon. Leo hiyo ni Kaunti ya Bungoma, lakini wakati huo Bungoma kama wilaya haikuwepo. Kila kitu kiliamuliwa hapa kwetu: Kakamega ilikuwa makao makuu ya wilaya nzima, na mkuu wa wilaya aliketi hapa. Na machifu? Kimilili iliwekwa chini ya Murunga, ndugu yake Nabongo Mumia wa Mumias. Yaani Wabukusu walikuwa wanatawaliwa na Mzungu kupitia kwa Mwanga. (Wawanga wasinikasirikie, mimi nasimulia tu.) Ukitaka kuelewa hasira ya Masinde, anza na hilo, kabla hata hujafika kwa dini.

Sasa mpira. Kijana alisoma kidogo kwa Wakwekari, wale wamishonari wa Marekani waliofika Kaimosi mwaka wa 1902, na huko kwenye misheni na shule ndiko vijana wengi wa Magharibi walijifunzia soka. Akawa nyota wa timu ya Kimilili, akawa nahodha. Na mwaka wa 1930 akaichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage.

Simama hapo kidogo. Gossage ndilo babu wa kombe la CECAFA. Lilianza mwaka wa 1926 likiwa na timu mbili tu, Kenya na Uganda, na jina lilitoka kwa kampuni ya sabuni. Tanganyika iliingia mwaka wa 1945 na Zanzibar mwaka wa 1949. Kwa hivyo mwaka wa 1930, kuchezea Kenya kulimaanisha mechi dhidi ya Uganda, basi. Hakukuwa na kufuzu, hakukuwa na wiki ya kimataifa. Nafasi zilikuwa kumi na moja, katika koloni zima, na moja akapewa kijana wa Maeni. Leo ukitoka Kimilili kwenda Nairobi unalala kwa basi na kuamka umefika. Hebu fikiria wakati huo nani aliona mchezo wako, nani akapeleka jina lako.

Hapo ndipo wenzangu walinibana. Alifunga mangapi? Alicheza namba gani? Nikawaambia siwezi kumpima kwa mabao. Nikatumia mfano wa ndugu yangu aliyeko Marekani, ambaye anacheza mchezo huu huu wetu wa kubashiri timu lakini wa ile futiboli yao ya helmeti.

Wana nafasi inaitwa taiti endi. Huyu anasimama mwishoni mwa ule ukuta wa watu wanene. Mchezo mmoja anazuia, yaani anagongana na jitu la kilo mia moja na ishirini ili mwenzake apate njia. Mchezo unaofuata anachomoka mbio na kudaka pasi. Ndugu yangu husema hiyo nafasi huwaumiza watu kwenye drafti kwa sababu mbili. Kwanza, wazuri sana ni wawili au watatu. Ukiwakosa, waliobaki wote wanafanana, kwa hivyo ama unamchukua mapema na unakosa mshambuliaji, ama unangoja hadi mwisho na kuokota yeyote. Pili, na hii ndiyo iliniingia kichwani, ule ugonganaji hauna pointi. Taiti endi anaweza kuzuia mchana kutwa, timu ishinde kwa sababu yake, na kwenye jedwali lako aandikiwe sifuri. Mwenye akili hapimi mtu wa namna hiyo kwa alama za wiki jana pekee. Anauliza ni mara ngapi yuko uwanjani, anatumwa kukimbia au kuzuia, na kocha akibanwa anamtupia nani mpira.

Elijah Masinde ni taiti endi. Kazi yake kubwa haikuandikwa kwa upande wa mabao.

Baada ya mpira alirudi nyumbani na maisha yakaanza kugongana. Kanisa la Wakwekari lilimfukuza kwa kuoa mke wa pili. Kwa macho ya misheni hiyo ilikuwa dhambi. Kwa macho ya Maeni ilikuwa ni mwanamume kuoa. Wengine wangeomba msamaha au wangenyamaza. Yeye alianza kuuliza kwa nini Mungu wa baba zake, Wele, aitwe shetani na mtu ambaye alikuja juzi. Kutokana na maswali kama hayo ikazaliwa Dini ya Msambwa, dini ya mizimu ya wahenga, yenye mambo ya Biblia ndani yake pia. Mlima Elgon wafuasi waliuona kama Sayuni yao. Waliomba wakiutazama.

Halafu ikaja Vita vya Pili vya Dunia, na serikali ikawa inataka vijana, inataka kazi, inataka kila kitu. Miaka ya 1940 kulikuwa pia na amri ya kung'oa gugu fulani lenye harufu kali mashambani. Unajua zile amri. Mtu ana shamba lake, anapangiwa kazi ya lazima asiyolipwa, na asipofanya anashtakiwa. Masinde alikataa, na waliotumwa kumlazimisha wakakutana na mtu ambaye mwili wake ulikuwa bado wa mchezaji. Akafungwa.

Kilichofuata ndicho kinachonikera zaidi katika stori hii yote. Mwaka wa 1945 serikali iliamua huyu si mkaidi, ni mwendawazimu. Wakampeleka Mathari, Nairobi, hospitali ya wagonjwa wa akili, na kumweka huko takribani miaka miwili. Ukimfunga mtu jela, angalau umekubali kwamba alijua anachofanya. Ukimpeleka Mathari umefuta maneno yake yote, hata yale ya kweli. Mpaka leo huku kwetu mtu akibishana na wakubwa sana, kuna mzee atasema kwamba huyo ni Elijah Masinde, na hutajua kama anasifu au anatukana.

Walipomwachilia mwaka wa 1947 walitarajia ametulia. Miezi michache baadaye alikuwa juu ya kilima cha Chetambe karibu na Webuye, na maelfu ya watu. Hapo ndipo mwaka wa 1895 Wabukusu walijichimbia ngome na kupambana na jeshi la Waingereza lenye bunduki za rashasha, na wengi wakafa. Miaka 52 ilikuwa imepita bila hao wafu kulilliwa ipasavyo mahali pale. Masinde aliwakusanya watu wakafanya kumbukumbu. Nimepita chini ya kile kilima mara nyingi nikienda Eldoret, na kusema ukweli nilikuwa sijui.

Februari 1948 mambo yalilipuka Malakisi. Umati wa waumini ulikabiliana na polisi, polisi wakafyatua risasi, watu 11 wakafa. Masinde akasakwa na kukamatwa siku chache baadaye, dini ikapigwa marufuku, naye akapelekwa uhamishoni Lamu. Mtu wa mlimani, wa baridi na mvua na mahindi, akatupwa kisiwani kwenye joto na bahari. Miaka miwili baadaye, 1950, mhubiri mwingine wa Dini ya Msambwa, Lukas Pkiech, aliongoza Wapokot wakapambana na serikali huko Kolowa, na damu ikamwagika tena pande zote mbili. Pkiech aliuawa. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 na nchi nzima ikaanza kusikia Mau Mau, Masinde alikuwa ameshakaa Lamu zaidi ya miaka minne. Kwenye vitabu vyetu vya shule yeye alipata aya moja, kama alipata.

Alirudi nyumbani uhuru ukikaribia, akiwa mtu mzima wa miaka hamsini hivi. Hapa wengi hufikiri stori inaisha kwa furaha, bendera ikapanda, shujaa akapewa shamba. La. Serikali mpya iliruhusu dini yake kwa muda, kisha mwaka wa 1968 ikaipiga marufuku tena. Mzee alikuwa bado anasema yale yale: ardhi irudi, watu wasitawaliwe kama mifugo. Waliomfunga sasa walikuwa Waafrika wenzake. Chini ya Kenyatta alifungwa, chini ya Moi akasumbuliwa pia. Mimi siwezi kusema kila alilohubiri nalikubali. Kuna mambo mengine, hasa kuhusu shule na hospitali za Wazungu, ambayo yaligharimu watu wa kawaida. Mwalimu alinikumbusha hilo nilipokuwa nimeanza kupaa, na nikamwambia ni kweli, mzee.

Elijah Masinde alifariki mwaka wa 1987, akazikwa kwao Kimilili. Hakuacha video hata moja ya yeye akicheza. Imebaki tu kumbukumbu ya watu kwamba mwaka wa 1930 kulikuwa na kijana mmoja wa Maeni kwenye kikosi cha Kenya.

Mvua ilikuwa imepungua tukimaliza. Mwalimu akamaliza chapo yake ya pili, akafuta mikono, akaanza kusoma alama. Kadenge kumi juu ya kumi, bila maelezo. Niva tisa. Kwangu alinyamaza kidogo, akasema ameniandikia nane, na kwamba hizo mbili amekata kwa sababu sijasema alicheza namba gani. Nikalipa sehemu yangu ya chai. Mpaka leo namtafuta mtu yeyote huko Maeni ambaye babu yake alimwona akicheza.