Kapiteni Hore, baharia aliyeandika maji ya Lukuga

Kila mara ziwa linapopanda na maji kuingia nyumbani mwa watu, kama ilivyotokea 2021 na tena 2024, swali ni lile lile hapa Kalemie: Lukuga imefanya nini? Wengine wanasema mto umezibwa na mchanga na majani. Wengine wanasema mvua tu. Wazee wanakumbusha mafuriko ya miaka ya 1960. Lakini kuna mtu aliyesimama kwenye mdomo wa Lukuga mwaka 1879, mji wa Kalemie haujazaliwa bado, akatazama maji yakitoka kwa nguvu kuelekea magharibi, akayaandika katika daftari lake kama nahodha anavyoandika safari ya meli. Mtu huyo ni Edward Coode Hore.

Hore alizaliwa London mwaka 1848. Hakuwa padri wala mchungaji. Alikuwa mtu wa bahari, mwenye cheti cha unahodha, aliyezoea nyota, dira, kamba ya kupima kina, na desturi ile ya melini ya kuandika kila siku: upepo umetoka wapi, maji yako namna gani, nani mgonjwa, chakula kimebaki kiasi gani. Desturi hiyo hakuiacha alipofika bara, mahali ambapo bahari iko mbali zaidi ya kilomita elfu moja kwa miguu. Ndiyo iliyomfanya awe wa maana kwetu sisi tunaokaa kandokando ya ziwa hili, kuliko wasafiri wengine wengi waliopita na kutuandika kwa haraka.

Alikujaje huku? Tajiri mmoja wa Leeds, Robert Arthington, alitoa pauni 5,000 kwa shirika la kiprotestanti la London Missionary Society ili lifungue kazi Ujiji na pande zote za Tanganyika. Shirika likaona busara: ziwa lenye urefu wa kilomita 670 hivi halitembelewi kwa miguu, linahitaji baharia. Hore akachaguliwa. Msafara ulitoka pwani mwaka 1877 na magari ya kukokotwa na ng'ombe, kama ya Afrika Kusini. Ng'ombe wakafa njiani kwa mbung'o. Mkubwa wa msafara akageuka kurudi Uingereza. Waliobaki waliendelea na wapagazi, na tarehe 23 Agosti 1878 Hore na mchungaji J. B. Thomson wakaingia Ujiji.

Thomson hakumaliza hata miezi miwili; alikufa Septemba. Mwenzao Dodgshun aliyekuwa amechelewa nyuma na mizigo alifika mwaka uliofuata, akafa wiki moja baadaye. Basi baharia, aliyeletwa kuendesha mashua, akajikuta ndiye mwenye kubeba kila kitu: dawa, hesabu, barua, na mazungumzo na wakubwa wa Ujiji.

Na mazungumzo hayo hayakuwa mepesi. Ujiji wakati ule ilikuwa mikononi mwa Waarabu na Waswahili wa biashara, mkubwa wao akiwa Mwinyi Heri, mzee aliyekaa ziwani miaka mingi. Pembe za ndovu na watumwa kutoka Manyema walishuka hadi Mtowa, kaskazini kidogo ya Kalemie yetu, wakapakiwa katika mitumbwi na kuvushwa. Wafanyabiashara wale waliogopa, na walikuwa na sababu, kwamba Mwingereza mwenye kalamu ataandika habari zao na kuzipeleka Zanzibar kwa balozi. Wakamzuia asivuke kwenda kujenga upande wetu. Hore hakugombana. Alikaa, akanywa nao kahawa, akatibu wagonjwa, akatengeneza vitu vilivyoharibika, akangoja. Wakosoaji wake wamesema alikuwa mpole mno kwa wauza watu. Mimi naona hesabu yake ilikuwa ya nahodha: upepo ukiwa mbaya, huivunji mashua kwa hasira, unasubiri.

Wakati akisubiri alinunua mtumbwi mkubwa wa gogo, akaufanyizia tanga na usukani, akauita Calabash. Na chombo hicho alianza kulizunguka ziwa. Ukijua kusi linavyovuma miezi ya Juni na Julai, ukijua namna mawimbi yanavyosimama kama ukuta, utaelewa kwamba hiyo haikuwa matembezi. Alipima, alichora pwani, aliandika majina ya watu na ya milima. Baadaye alitoa maandiko juu ya makabila kumi na mawili yanayolizunguka ziwa. Kati yao walikuwamo Waguha, yaani ndugu zetu Baholoholo, wenye nchi hii ya Lukuga.

Hapo ndipo tunafika kwenye Lukuga yenyewe.

Wazungu walikuwa wanabishana vikali: maji ya Tanganyika yanatoka wapi? Mito mingi inaingia, Ruzizi upande wa kaskazini, Malagarasi upande wa mashariki, na ziwa halina chumvi nyingi. Lazima kuna mlango. Cameron alifika Lukuga mwaka 1874 na kusema mlango ni huu. Stanley akaja 1876, akaona mafunjo na matope yamekaza kifuani mwa mto, maji hayaendi popote, akasema ziwa likipanda zaidi litavunja kizibo. Na kweli lilikuwa linapanda. Stanley mwenyewe aliona Ujiji kwamba michikichi aliyoiacha sokoni mwaka 1871 sasa ilikuwa imesimama ndani ya maji.

Hore alipofika mwaka 1879, kizibo kilikuwa kimevunjika. Mto ulikuwa unakwenda kwa kasi, ukipasua vilima kuelekea Lualaba. Mwishoni mwa mwaka uleule msafiri mwingine, Joseph Thomson (si yule mchungaji aliyezikwa Ujiji), alifika na kuona jambo lilelile. Ubishi ukaisha. Lakini wengine waliona mto unakwenda, wakaandika, wakaondoka zao. Hore yeye alibaki miaka. Aliendelea kutazama kimo cha maji na kuandika jinsi kinavyoshuka. Leo wataalamu wa maziwa wanakubali kwamba karibu na 1878 ziwa lilikuwa juu sana, na kufikia katikati ya miaka ya 1890 lilikuwa limeshuka kama mita 10 hivi. Mita 10! Fikiria ramani ya mji wetu kwa kipimo hicho, halafu ujiulize ni mtaa upi ungebaki mkavu.

Kinachojifunza hapo ni rahisi kueleza, ingawa kuishi nacho ni kazi. Maji mengi ya Tanganyika hayatoki kwa mto. Yanapanda hewani kwa jua. Lukuga ni mlango mmoja tu na ni mwembamba. Miaka ya ukavu ikifuatana, ziwa linashuka, mto unapungua nguvu, na vijito vya pembeni vinamwaga mchanga mdomoni. Majani yanaota, mlango unafungika. Kisha zikija mvua nyingi miaka miwili mitatu, maji yanapanda na kukuta mlango umezibwa. Yanaendelea kupanda mpaka yapate nguvu ya kujisafishia njia. Kwa hiyo wale wanaosema mvua na wale wanaosema kizibo hawana haja ya kukosana. Wote wameshika upande mmoja wa tembo yuleyule.

Turudi kwa mtu wetu. Mwaka 1879 wenzake Griffith na Hutley waliruhusiwa mwishowe kujenga Mtowa, wakakipa kituo jina la Plymouth Rock. Huko waliona kwa macho misafara ya watu waliofungwa shingo, wanawake na watoto waliotoka Manyema wakiwa mifupa mitupu. Hore alikwenda Uingereza mwaka 1881, akaoa, akarudi na kitu ambacho watu wa njiani walikisimulia muda mrefu: mashua ya chuma iitwayo Morning Star, iliyokatwa vipande na kuwekwa juu ya magari madogo ya mkono. Wapagazi mamia kwa mamia waliikokota toka Saadani mpaka Ujiji, zaidi ya miezi mitatu, kupita pori, matope na mito. Mwaka 1883 iliingia majini. Jina la Hore liko vitabuni. Wale waliokuwa na kamba mabegani, wengi wao hakuna aliyewaandika, na bila wao mashua ingeoza Saadani.

Mkewe Annie alikuja mwaka 1885 na mtoto wao mdogo Jack, akibebwa kitini sehemu kubwa ya njia. Baadaye aliandika kitabu juu ya safari hiyo. Familia ilihamia kisiwa cha Kavala, pwani yetu hii, na kazi ya Mtowa ikahamia huko. Kisiwani waliona usalama zaidi, na mama huyo alifundisha wasichana kusoma na kushona. Mwaka huohuo meli ya mvuke Good News iliingia majini kusini mwa ziwa. Fundi aliyeiunganisha, James Roxburgh, alikufa kabla ya mwaka kwisha.

Sasa jambo la bunduki, ambalo hapa mashariki haliishi kuwa jambo letu.

Wakati wa Hore, njia zote zilikuwa za wenye silaha. Kati ya Tabora na Ujiji walitawala rugaruga wa Mirambo, vijana wa vita wasio na mshahara ila nyara. Mwaka 1880 Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliuawa katika vita vya watu hao. Hore hakujenga jeshi. Alitegemea barua, urafiki, na kujulikana kama mtu asiyechukua ardhi wala mtu. Jirani zake wa kusini walichagua njia nyingine. Mwaka 1883 Mbelgiji Émile Storms alijenga boma Mpala, akakusanya askari na rugaruga, na Desemba 1884 watu wake walimuua chifu Lusinga na kukata kichwa chake. Fuvu lilipelekwa Ulaya, nalo limehifadhiwa Brussels; ni miaka ya karibuni tu ambapo watu wamelidai kwa sauti. Baada ya Storms alikuja Kapiteni Joubert, Mfaransa aliyekuwa mwanajeshi wa Papa, ambaye alifika Mpala mwaka 1887 kuwaongoza wapiganaji wa misheni ya Mapadri Weupe dhidi ya watu wa Rumaliza. Huyo alioa mwanamke wa hapa, Agnes Atakao, akakaa mpaka kufa kwake mwaka 1927 upande wa Moba, na mpaka leo watu wa Moba wanamjua zaidi ya Hore.

Makapiteni watatu, pwani moja, miaka ileile, na wote waliacha maandiko. Ukisoma habari za Storms na Joubert unakutana na hesabu za bunduki, baruti, vijiji vilivyochomwa, machifu waliosalimu amri. Kwa Hore unakutana na upepo, kina, samaki, bei ya chumvi na kimo cha maji. Tusimfanye malaika. Alikuwa mtu wa zama zake, aliamini Waingereza wana kazi ya kuwafundisha wengine, na ramani zake zilisaidia wale waliokuja kugawana nchi. Ulaya ilipokaa Berlin 1884 na 1885, upande wetu wa ziwa ukaandikwa kwa Leopold bila mtu wa hapa kuulizwa. Mwishoni mwa 1891 Jacques de Dixmude alikuja na bunduki kupigana na wauza watumwa, akaanzisha Albertville. Wale waliofungwa shingo Mtowa walihitaji kuokolewa, hilo halina ubishi. Waliookolewa wakapata bwana mwingine.

Hore mwenyewe aliondoka ziwani mwaka 1888. Kwa kuhesabu Wakristo, miaka yake kumi ilionekana mitupu, na misheni yake ilihamia kusini, upande wa Zambia ya leo. Mwenzake Arthur Brooks, aliyefuata njia ya pwani muda mfupi baadaye, aliuawa karibu na Saadani mapema 1889 wakati wa vita vya Bushiri. Hore alitoa kitabu chake juu ya Tanganyika mwaka 1892, kisha akarudi kwa bibi yake wa kwanza, bahari: aliongoza meli ya shirika lilelile, John Williams, katika Pasifiki. Alikufa Tasmania mwaka 1912, mbali sana na Kavala.

Jina lake limebaki mahali ambapo wengi hatutazami. Konokono mmoja wa ziwani mwenye miiba, ambaye gamba lake lilipelekwa London, wataalamu walimwita Tiphobia horei mwaka 1880. Samaki mdogo wa mawe na mchanga, ambaye watoto wanamvua kwa ndoano hapa kandokando, aliitwa kwa muda mrefu Ctenochromis horei. Haishi popote duniani isipokuwa Tanganyika.

Na maandiko yake? Karatasi za misheni yake zimehifadhiwa London, katika chuo cha SOAS, na sehemu ya maandiko yake ilichapwa kitabu mwaka 1971, kwa Kiingereza. Ofisi zetu zinapokaa kuzungumza juu ya kuchimba mdomo wa Lukuga, au kusema ni mita ngapi kutoka ziwani mtu asijenge, mazungumzo huanza na mvua za mwaka jana. Yangeweza kuanza na 1878. Nakala ya karatasi hizo haigharimu kama mashine ya kuchimba mchanga, na vijana wa vyuo vikuu vya hapa wanaweza kuzisoma, kuzilinganisha na vipimo vya bandari, na kutuambia kwa Kiswahili maji yalifika wapi.

Kwa sasa vipimo vingine tunavyo mitaani: alama za matope kwenye kuta za nyumba zilizoachwa kandokando ya ziwa. Mwenye nyumba anayejua tarehe maji yalipofika dirishani, aiandike hapo ukutani kabla ya kupaka rangi upya.