Paul Renner, Baba wa Futura

Wakati wa kutayarisha jalada la jarida hili mimi nilitaka herufi za madoido, zenye mikia na maua. Mwenzangu wa kamati akachagua Futura, herufi nyembamba zilizonyooka kama waya. Tulibishana nusura tununiane. Mwalimu mlezi wa chama akaniambia nimsome kwanza aliyezibuni. Basi nikaenda kusoma.

Paul Renner alizaliwa tarehe 9 Agosti 1878 mjini Wernigerode, Ujerumani. Alisomea uchoraji, kisha akafanya kazi ya kusanifu vitabu mjini Munich. Siku hizo vitabu vingi vya Kijerumani vilipigwa chapa kwa herufi nzito zenye pembe na vikunjo. Ukiziona utadhani ni seng'enge! Renner aliona kwamba zama mpya zinahitaji herufi mpya.

Alianzia kwa maumbo tunayochora katika somo la hisabati: duara, mraba na pembetatu. Mikia yote akaikata. Lakini msidhani ilikuwa kazi ya bikari na rula tu. Jicho hudanganya, kwa hiyo pale tumbo la herufi linapokutana na mguu wake, alipunguza wino kidogo ili pasionekane pazito. Michoro yake ya kwanza ilikuwa na vituko: r ilikuwa kijiti chenye nukta kando! Alirekebisha na kurekebisha. Mwaka wa 1927 kiwanda cha Bauer cha kusubu herufi, mjini Frankfurt, kikaitoa Futura. Ile nyembamba ilikuwa miongoni mwa za kwanza.

Sasa sikilizeni. Mwaka wa 1932 Renner aliandika kijitabu cha kuwapinga Wanazi, waliokuwa wakishambulia sanaa ya kisasa. Kilichapishwa Zürich, Uswisi. Mwaka uliofuata Wanazi walishika serikali. Renner alikamatwa, na ingawa aliachiliwa upesi, alipoteza kazi yake ya kuongoza chuo cha wapiga chapa mjini Munich. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Yeye alicheza kwao akafukuzwa.

Na kumbe zile herufi za kale ambazo Wanazi walizisifu, mwaka wa 1941 wao wenyewe walizipiga marufuku! Futura haikufa. Renner alifariki tarehe 25 Aprili 1956, akiwa na umri wa miaka 77. Miaka 13 baadaye, Julai 1969, wanaanga wa Apollo 11 waliacha mwezini kibao cha chuma chenye maandishi. Maandishi hayo ni ya Futura, na kibao kipo huko hadi leo.

Nilirudi kwa mwenzangu nikamwomba radhi. Mimi niliona vijiti tu, kumbe nyuma yake kulikuwa na mtu aliyekubali kupoteza kazi kuliko kunyamaza. Hebu funga jarida kidogo, ulitazame tena jalada letu.