Robert Koch: Mfichuzi wa viini vya kifua kikuu aliyeacha vipofu Sese

DAKTARI Mjerumani aliyepiga kambi katika visiwa vya Sese, Ziwa Victoria, mnamo Agosti 1906 alikuwa na umri wa miaka 62 na sifa zilizoenea kote duniani. Mwaka mmoja kabla alikuwa ametunukiwa Tuzo ya Nobel. Wenyeji wa visiwa hivyo vya Uganda hawakuwa na habari za tuzo hiyo. Walichojua ni kwamba ugonjwa wa malale ulikuwa ukizoa jamaa zao kijiji baada ya kijiji, na kwamba mzungu huyo alikuwa na sindano.

Robert Koch alizaliwa Desemba 11, 1843 katika mji wa Clausthal, kwenye milima ya Harz. Baba yake alikuwa afisa wa migodi, na wazazi wake walijaliwa watoto 13. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen, ambako miongoni mwa walimu wake alikuwa Jacob Henle, msomi aliyekuwa ameandika tangu 1840 kwamba maradhi ya kuambukiza husababishwa na viumbe hai. Wakati huo madaktari wengi bado waliamini kuwa maradhi hutokana na hewa chafu.

Baada ya kuhudumu katika vita baina ya Prussia na Ufaransa, Koch aliajiriwa mnamo 1872 kuwa daktari wa wilaya mjini Wollstein, ambao leo uko nchini Poland kwa jina la Wolsztyn. Hakuwa na maabara wala mwenzake wa kushauriana naye. Alikuwa na hadubini aliyozawadiwa na mkewe, Emmy, pamoja na kero moja iliyowasumbua wafugaji wote wa eneo hilo: kimeta.

Wafugaji walishangaa kwa nini malisho yaliyoachwa wazi kwa miaka mingi yaliendelea kuua kondoo na ng'ombe. Watafiti waliotangulia walikuwa wameona vijiti vidogo katika damu ya mifugo iliyokufa, lakini hakuna aliyejua iwapo ndivyo vilivyoua au vilikuwa dalili tu. Koch alichukua damu hiyo na kuwaambukiza panya kwa vibanzi vya mti. Kisha alivikuza vijiti hivyo katika majimaji ya jicho la ng'ombe, akikaa kwenye hadubini kwa saa nyingi. Aliviona vikirefuka kuwa nyuzi, na ndani ya nyuzi hizo zikatokea spora, yaani mbegu ngumu zinazostahimili ukavu na kulala udongoni kwa miaka. Fumbo la malisho likawa limefumbuliwa. Mnamo 1876 alifunga safari hadi Breslau kumwonyesha kazi yake Ferdinand Cohn, bingwa wa elimu ya bakteria, naye Cohn akaichapisha katika jarida lake mwaka huo huo.

Kuanzia hapo nyota yake iling'aa. Mnamo 1880 alihamishiwa Berlin, katika Idara ya Afya ya Dola. Huko yeye na wasaidizi wake walibuni njia ya kutenga aina moja ya bakteria na nyingine kwa kuzikuza juu ya kitu kigumu badala ya mchuzi. Walianza kwa vipande vya viazi, wakajaribu jelatini ambayo iliyeyuka kila joto lilipopanda, hadi Fanny Hesse, mke wa mmoja wa watafiti hao, alipopendekeza aga, utomvu wa mwani aliokuwa akiutumia jikoni kugandisha jeli. Maabara za dunia nzima zingali zinatumia aga hadi leo, ingawa jina la mama huyo halitajwi sana.

Machi 24, 1882, Koch alisimama mbele ya Chama cha Fiziolojia cha Berlin na kutangaza kuwa amekipata kiini cha kifua kikuu, maradhi ambayo kwa hesabu yake yalimuua mtu mmoja katika kila saba. Tarehe hiyo ndiyo inayoadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Miaka miwili baadaye alirejea kutoka Misri na Calcutta akiwa na bakteria wa kipindupindu, ambaye kwa kweli Mwitaliano Filippo Pacini alikuwa amemwona tangu 1854 bila kusikilizwa.

Umaarufu wa namna hii huwa na deni lake. Mnamo Agosti 1890, katika kongamano la kimataifa la madaktari mjini Berlin, Koch alidokeza kuwa amepata kitu cha kuzuia kifua kikuu. Miezi michache baadaye dawa hiyo, tuberkulini, ilianza kudungwa wagonjwa huku viambato vyake vikiwa siri. Watu waliokuwa wakikohoa damu walimiminika Berlin kutoka kila pembe ya Ulaya. Mwandishi Arthur Conan Doyle, ambaye pia alikuwa daktari, alisafiri huko na kurudi akitahadharisha umma. Rudolf Virchow, aliyepasua maiti za waliodungwa, alionyesha kuwa badala ya kupona, baadhi yao ugonjwa ulisambaa mwilini.

Kosa lilikuwa katika kutoelewa jinsi mwili unavyopambana na kiini. Tuberkulini haikuua bakteria. Ilikuwa dondoo la bakteria wenyewe, na mwili wa aliyekwisha kuambukizwa huitambua mara moja na kuishambulia kwa homa na uvimbe. Ndiyo maana ilifeli kama tiba lakini ikafaulu kama kipimo. Clemens von Pirquet mnamo 1907, na Charles Mantoux mwaka uliofuata, waliigeuza kuwa uchunguzi wa ngozi ambao bado unatumika hospitalini.

Koch aliondoka Berlin kwenda Misri wakati sakata hiyo ikitokota. Mnamo 1893 alimtaliki Emmy na kumwoa Hedwig Freiberg, msichana aliyemzidi kwa takriban miaka 30, jambo lililozua minong'ono mingine. Tangu wakati huo alikuwa mtu wa safari. Aliitwa Afrika Kusini kwa ajili ya sotoka, akapitia India kwa ajili ya tauni, na mnamo 1897 akatua Dar es Salaam, wakati huo mji mkuu wa koloni la Wajerumani. Huko Java na New Guinea, mnamo 1899 na 1900, aligundua kuwa vimelea vya malaria vilijaa katika damu ya watoto ilhali watu wazima walikuwa navyo kwa nadra. Alitambua kwamba mwili hujijengea kinga taratibu kwa kuambukizwa mara kwa mara, hoja ambayo watafiti wa chanjo ya malaria wameitegemea hadi leo.

Mnamo 1905 alirudi Afrika Mashariki na kuchunguza homa ya papasi iliyowasumbua wapagazi katika vibanda vya njia za misafara. Akaona viini vyake hata ndani ya mayai ya papasi.

Safari ya Sese ndiyo iliyokuwa nzito. Aldo Castellani na David Bruce walikuwa tayari wameonyesha, wakiwa Entebbe, kuwa malale husababishwa na kimelea kinachoenezwa na mbung'o. Koch alitafuta tiba. Alichagua atoksili, dawa yenye aseniki, sumu ile ile ya kuulia panya. Mwanzoni matokeo yalistaajabisha: vimelea vilitoweka, na watu waliokuwa wamelala wakingoja kifo wakainuka. Wagonjwa zaidi ya 1,000 walitibiwa, na Koch akaifananisha dawa hiyo na kwinini kwa malaria.

Baada ya miezi vimelea vilirejea. Koch akaongeza kipimo, kutoka nusu gramu hadi gramu nzima. Wagonjwa walilalamika maumivu na kichefuchefu, wengine wakatoroka, na zaidi ya 20 wakapofuka kabisa. Ndipo kipimo kilipopunguzwa. Wapo wanaodai kuwa Koch angethubutu hivyo popote, na tuberkulini ndiyo ushahidi wao. Lakini Berlin kulikuwa na Virchow wa kupasua maiti na magazeti ya kuuliza maswali. Sese hapakuwa na lolote kati ya hayo.

Aliporejea Ujerumani mwishoni mwa 1907 alipendekeza wagonjwa watengwe kambini, vichaka vya ufuoni vifyekwe na hata mamba wauawe, akidhani ndio waliowalisha mbung'o. Wajerumani walianzisha kambi hizo upande wao wa ziwa. Msaidizi wake, Friedrich Karl Kleine, aliyebaki nyuma, alithibitisha mnamo 1909 kuwa kimelea cha malale hukua ndani ya mbung'o kwa wiki kadhaa kabla mdudu huyo hajaweza kuambukiza. Naye Paul Ehrlich, akianzia kwenye atoksili hiyo hiyo, alifikia Salvarsan, dawa ya kaswende.

Koch alifariki kwa maradhi ya moyo mjini Baden-Baden mnamo Mei 27, 1910. Majivu yake yamehifadhiwa katika taasisi ya Berlin inayobeba jina lake.